Robb Stark hakuuawa na mapenzi

Juni 2, 2013, watazamaji wa Game of Thrones walimwona mfalme kijana akiuawa harusini pamoja na mama yake na mkewe mjamzito. Ilikuwa sehemu ya tisa ya msimu wa tatu, na mpaka leo mashabiki huiita Harusi Nyekundu. Maelezo yanayorudiwa tangu siku hiyo ni mepesi: Robb Stark alipenda, akamwoa aliyempenda badala ya binti aliyeahidi kumwoa, na penzi likamtia kaburini. Kila ninapomrudia Robb nazidi kuamini kwamba maelezo hayo yanamwonea, na yanayaonea mapenzi pia.

Tukumbuke kwanza alikuwa nani. Baba yake, Ned, alikatwa kichwa mjini King's Landing mbele ya umati, na mabwana wa Kaskazini wakachomoa mapanga wakamtangaza mwanawe mfalme. Cheo hicho hakukiomba. Katika vitabu vya George R. R. Martin, ambavyo tamthilia ilitokana navyo, kisa kinapoanza Robb ana miaka 14, na anakufa akiwa na 16. Televisheni ilimkuza kidogo, ikampa sura ya Richard Madden na ndevu za mtu mzima. Lakini ujana wake ndio kiini cha mkasa. Hakushindwa katika pigano lolote aliloliongoza. Alimteka hata Jaime Lannister, mpiganaji aliyeogopwa kuliko wote katika ukoo wa Lannister aliokuwa akipigana nao.

Ushindi huo ulikuwa na bei. Jeshi la Kaskazini lilihitaji kuvuka mto, na daraja lilikuwa mikononi mwa mzee Walder Frey. Catelyn, mama yake Robb, ndiye aliyekwenda kuzungumza naye, akarudi na masharti: Robb atamwoa mmoja wa mabinti wa Frey. Robb akakubali, daraja likafunguliwa, askari wakavuka, Jaime akakamatwa. Kwa maneno mengine, alikula mahari kabla ya kuoa.

Kisha akakutana na Talisa, mganga kutoka Volantis, akimkata askari mguu uliooza katikati ya uwanja wa vita. Wakaoana kwa siri mwishoni mwa msimu wa pili. Kitabuni mambo ni tofauti, na kwangu mimi ni mazito zaidi. Huko Robb analala na Jeyne Westerling akiwa na jeraha na majonzi, kisha anamwoa ili asimvunjie heshima. Anavunja ahadi moja kwa kuogopa kumfedhehesha binti mwingine. Huo ni ugonjwa aliorithi kwa baba yake: kujali usafi wa mikono yake kuliko usalama wa wale wanaomtegemea. David Benioff na D. B. Weiss, waliotunga tamthilia, walichagua penzi la kweli, na watazamaji wengi wakaishia kuona penzi tu.

Hata hivyo, ndoa hiyo peke yake isingemmaliza. Frey alikuwa ameudhika, lakini Robb hakuwa na sababu ya kurudi mlangoni kwake. Sababu ilikuja baadaye. Bwana Rickard Karstark, aliyefiwa na watoto vitani, aliwaua vijana wawili wa Lannister waliokuwa mateka. Catelyn alimsihi Robb amfunge Karstark tu, asimuue. Mjomba wake Edmure alisema hivyo hivyo. Talisa, mke yule yule anayelaumiwa kwa kila kitu, naye alisema hivyo hivyo. Robb akakataa. Akamkata mzee yule kichwa kwa mkono wake mwenyewe, mvua ikinyesha, na watu wa Karstark wakafunga mizigo wakaondoka na sehemu kubwa ya nguvu ya jeshi. Ndipo alipolazimika kurudi kwa Frey kuomba askari, na huko ndiko Harusi Nyekundu ilikomkuta.

Hapo ndipo ninapogomea hukumu ya mitaani. Aliyempenda alimpa ushauri uliokuwa na akili, na mfalme hakuusikia. Hakumsikia mama yake pia alipomwonya asimtume Theon Greyjoy kwa baba yake, na Theon akaishia kuiteka Winterfell, nyumbani kwao Robb. Hata Catelyn, alipomwachilia Jaime kwa siri akitumaini kuwapata mabinti zake, alifanya hivyo kwa sababu njia ya kuzungumza na mwanawe ilikuwa imeziba. Ukiyapanga makosa hayo moja baada ya jingine, ndoa ya Talisa ni tofali moja tu katika ukuta mrefu.

Mauaji yenyewe Martin aliyachukua kutoka historia ya Uskoti: chakula cha jioni cha mwaka 1440 katika ngome ya Edinburgh, ambako vijana wa ukoo wa Douglas walikaribishwa kisha wakauawa, na mauaji ya Glencoe ya mwaka 1692, wageni walipowageukia wenyeji waliowalisha. Sura hiyo ilimwia ngumu kiasi kwamba aliiacha mpaka akamaliza kitabu chote ndipo akairudia kuiandika. Ugumu huo unaonekana kwenye kioo. Hakuna muziki wa kishujaa wala mkombozi anayetokea dakika ya mwisho.

Jon Snow, aliyelelewa pamoja na Robb kama ndugu, naye alivunja kiapo kwa ajili ya mwanamke. Walinzi wa Ukuta, kikosi alichojiunga nacho, hawaoi wala hawazai, na yeye alilala na Ygritte kule nje ya Ukuta. Akasamehewa, na baadaye wenzake wakampigia kura kuwa Kamanda Mkuu. Walipomchoma visu mwishoni mwa msimu wa tano, kosa lake halikuwa penzi. Alikuwa amewafungulia lango watu wa nje ya Ukuta, maadui wa miaka mingi, uamuzi wa haki kabisa kwa kuwa jeshi la wafu lilikuwa njiani, lakini hakukaa na watu wake mpaka waelewe. Kisu cha mwisho kilitoka kwa Olly, mtoto ambaye wazazi wake waliuawa na watu hao hao. Jon alimweka karibu kama msaidizi wake na hakuwahi kuuona uchungu wake. Mchawi Melisandre alimfufua. Robb hakupata bahati hiyo.

Daenerys Targaryen ndiye aliyehujumiwa na haraka ya waandishi. Kwa misimu saba tulimwona akikua: binti aliyeozwa na kaka yake ili apate jeshi, kisha mkombozi wa watumwa, kisha mtawala aliyeweza kumwacha mpenzi wake Daario Meereen ili ndoa yake ibaki kuwa mtaji wa siasa. Msimu wa nane ulikuwa na sehemu sita tu. Ndani ya hizo anagundua kwamba Jon, aliyempenda, ni mpwa wake mwenye haki ya kiti cha enzi kumzidi, anamzika mshauri wake Jorah, anamshuhudia rafiki yake Missandei akikatwa kichwa, anachoma mji uliokwisha kusalimu amri, na anauawa na Jon huyo huyo akiwa kifuani pake. Zaidi ya watu milioni moja na nusu walitia saini kwenye mtandao wakitaka msimu huo uandikwe upya. Mimi sikubaliani kwamba mwisho wenyewe ulikuwa wa uongo. Waliokuwa wakimwambia hapana walikuwa wamekufa au wamepoteza imani yake, na kiongozi wa namna hiyo huwa hatari. Kosa ni kwamba anguko lililostahili misimu miwili lilibanwa ndani ya majuma sita.

Anabaki Sansa, dada yake Robb, aliyeanza kisa akiwa binti wa kuota wafalme warembo, na ambaye wengi tulimdharau. Alichumbiwa na Joffrey aliyemdhalilisha hadharani, akaozwa kwa Tyrion, kisha akatolewa kwa Ramsay Bolton aliyemtesa. Kila aliyemshika alimfundisha kitu bila kukusudia. Ni yeye aliyeleta wapanda farasi wa Vale walioiokoa Winterfell wakati Jon tayari ameshashindwa. Tukio ninalolipenda kuliko yote katika msimu wa saba ni fupi: Sansa anatembea uani, anauliza akiba ya nafaka itatosha kwa majira ya baridi, kisha anawaelekeza mafundi wayavike mavazi ya chuma ngozi, kwa sababu askari wataganda. Robb, pamoja na ushujaa wake wote, sikumbuki akiuliza swali la namna hiyo.

Anamaliza akiwa malkia, bila mume. Wapo wanaoona ni upweke. Mimi naona mtu aliyelipa gharama zote na sasa hadaiwi na yeyote. Uhuru wa Kaskazini ambao Robb aliupigania kwa upanga bila kushindwa hata mara moja, Sansa alisimama mbele ya baraza la mabwana akautaka kwa sentensi chache, na akapewa.