KADI YA POINTI ZA PETROLI: NI FAIDA AU HASARA?

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii nimeitumia katika insha nyingi mpaka mwalimu akaniandikia kwa kalamu nyekundu, "Tafuta nyingine!" Lakini mwaka huu nimejifunza kwamba kabla hujaanza kukijaza hicho kibaba, ni vizuri ukiinue kwanza utazame kama hakijatoboka chini. Nitakueleza kwa nini.

Mjomba wangu ni mwendesha bodaboda hapa Kawangware 56. Saa kumi na moja alfajiri tayari yuko stejini akingojea wanaowahi kazi. Yeye ndiye anayenilipia pesa ya chakula cha mchana hapa shuleni, kwa hivyo siku ambayo kazi imekuwa mbaya, habari hizo hunifikia mpaka tumboni. Sasa huyu mjomba wangu ana kadi moja ambayo anaitunza kuliko hata kitambulisho. Alipewa kwenye kituo kimoja cha petroli. Kila ukinunua lita moja nzima unawekewa pointi moja, na ukifikisha pointi 2,000 unapewa mtungi wa gesi wa kilo 6 pamoja na kichomeo chake. Mama yangu hupikia stovu ya mafuta ya taa, na moshi wake sote tunaujua. Basi mjomba akaapa kwamba huo mtungi ataupata, amletee dada yake.

Shida ni kwamba kituo chenyewe kiko kama kilomita 2 kutoka stejini, na petroli yao ilikuwa inazidi ile ya kituo cha hapa karibu kwa Sh3 kila lita. Mjomba alikuwa anasema, "Shilingi tatu ni nini? Hata pipi hainunui." Baada ya miezi mitano akaenda kuuliza amefikisha pointi ngapi. Akaambiwa 61. Alirudi nyumbani amenyamaza kabisa. Akanitupia kadi mezani akasema, "Wewe si unasoma hesabu? Hebu nipigie hii."

Nikachukua daftari, na mambo niliyoyaona ndiyo nataka kuwaeleza wenzangu na walimu wetu, hasa wale wenye magari.

Kwanza tujue bei ya petroli inatoka wapi. Katika mwaka wa 1994 serikali ya Kenya iliacha kupanga bei ya mafuta, na kila kampuni ikawa inajiwekea yake. Mambo yaliendelea hivyo mpaka Desemba 2010, serikali iliporudi na kuweka kikomo. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA. Kila tarehe 14 ya mwezi wanatangaza bei ya juu kabisa katika kila mji, nayo hutumika kuanzia tarehe 15 mpaka tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Ndiyo sababu usiku wa tarehe 14 ukipita stejini utasikia kila mtu ameweka redio.

Wengi wetu tunafikiri hiyo bei ikishatangazwa ndiyo bei ya kila mahali katika mji. Hapana. Hiyo ni dari. Mwenye kituo haruhusiwi kuuza juu yake, lakini kuuza chini yake anaruhusiwa kabisa. Kwa hivyo ukiona vituo viwili Nairobi vimepishana bei, ujue hicho cha bei nafuu kimeamua kujipunguzia faida ili kivute wateja. Kile kingine kimekaa juu karibu na dari, nacho kinavuta wateja kwa kadi, vikombe na miavuli. Wote wawili wanachota kutoka mfuko mmoja, yaani ile faida yao ndogo iliyomo ndani ya bei. Sehemu kubwa ya pesa unayolipa kwa lita inakwenda kwa gharama ya kununua na kuleta mafuta kutoka ng'ambo, na kwa kodi. Kwa sababu hiyo mwenye kituo hana uwezo wa kukupa zawadi kubwa kwa kila lita. Akikupa kubwa atafunga.

Sasa turudi kwa mjomba. Ili hesabu iwe rahisi, tuseme kituo chenye kadi kinauza lita kwa Sh180 na kile cha karibu kinauza Sh177. Mjomba hununua petroli ya kama Sh600 kwa siku. Hiyo ni lita 3 na kidogo. Ungetarajia apate pointi 3 kila siku, au siyo? Lakini mjomba hanunui mara moja. Akipata wateja wawili watatu, anaweka ya Sh150, anarudi kazini. Baadaye tena ya Sh150. Hivyo hivyo mara nne mpaka jioni. Hataki petroli nyingi ilale tangini kwa sababu usiku kuna wafyonzaji, na asubuhi pesa yenyewe hana. Sasa piga hesabu: Sh150 ukigawanya kwa Sh180 haifiki lita moja. Na kadi inahesabu lita nzima tu! Mara nne kwa siku, pointi sufuri, sufuri, sufuri, sufuri. Zile 61 alizipata siku chache zile alizokuwa amepata abiria wa mbali akaweka ya Sh400. Nilipomwonyesha hayo alishika kichwa.

Hapo ndipo nilipoona shimo la kibaba. Kadi hizi humfaa zaidi anayejaza tangi. Sisi wa kununua kidogo kidogo tunalipa ile bei ya juu sawa na yeye, lakini zawadi inatupita. Na mama naye, anayetumwa na njaa yetu kwenda kununua nusu lita ya mafuta ya taa na chupa, hajawahi kuulizwa kama ana kadi.

Nikamwambia mjomba, "Haya, tuseme umebadilika. Unanunua mara moja kwa siku, Sh600 zote. Unapata pointi 3." Kwa siku 26 za kazi katika mwezi hizo ni pointi 78. Ukigawanya 2,000 kwa 78 unapata karibu miezi 26. Miaka miwili na zaidi! Mimi nitakuwa nimeshamaliza Kidato cha Nne na mama bado anapuliza stovu.

Na je, katika muda huo analipa nini? Zile Sh3 za ziada kwa lita 3 na kidogo ni kama Sh10 kwa siku. Halafu kuna safari ya kwenda huko na kurudi, kilomita 4. Pikipiki yake huenda kama kilomita 40 kwa lita, kwa hivyo safari hiyo inakula sehemu moja ya kumi ya lita, yaani Sh18. Kumbe kile kitu ambacho hatukuwa tunakihesabu kabisa ndicho kilikuwa kinatumaliza zaidi! Jumla ni Sh28 kila siku, na hapo sijataja abiria aliowakosa akiwa huko.

Tulikwenda dukani tukauliza bei ya mtungi kama huo na kichomeo chake. Muuzaji akatuambia Sh4,500. Nikagawanya 4,500 kwa 28, nikapata siku 161 za kazi. Hiyo ni miezi 6 na siku chache. Kwa maneno mengine, mjomba akinunua petroli hapa karibu na kuweka hizo Sh28 kando, atanunua mtungi kwa nusu mwaka. Akifuata pointi atangoja miaka miwili na atakuwa amelipa mara nne ya bei yake. Hiyo zawadi ya bure ni ghali kweli kweli.

Kuna wanaosema, "Lakini kule kwenye kadi petroli ni safi. Rahisi huvunja upishi." Mjomba pia alinijibu hivyo. Ni neno la maana, kwa sababu zamani mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini sana, na watu wenye tamaa waliyachanganya na dizeli au petroli. Ndipo mwaka wa 2018 serikali ikaweka tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili huo mchezo usiwe na faida. Tazama bei za Nairobi zilizoanza tarehe 15 Oktoba 2023: petroli ilikuwa Sh217.36, dizeli Sh205.47, na mafuta ya taa Sh205.06. Dizeli na mafuta ya taa zilikuwa zimekaribia kulingana. (Aliyeumia ni mama mwenye stovu, lakini hayo ni ya makala nyingine.) Ninachosema ni kwamba kama unaogopa mafuta machafu, lipia usafi, ni haki yako. Ila usijidanganye kwamba unalipia pointi. Kadi mfukoni haisafishi petroli.

Jambo lingine ni kwamba pointi si pesa. Anayezitoa ndiye anayeweka masharti, na anaweza kuyabadilisha. Mwishoni mwa mwaka wa 2022 Safaricom ilitangaza kwamba pointi za Bonga zilizopita miaka 3 zingefutwa kuanzia Januari 2023. Watu wakakimbilia kuzitumia, malalamiko yakawa mengi, na kampuni ikasimamisha mpango huo. Lakini somo tulilipata. Tena kuna wazazi wetu waliokuwa na kadi za pointi za Nakumatt, duka lililokuwa kubwa kuliko yote katika nchi hii. Januari 2020 wadai wake walipiga kura lifungwe kabisa. Leo nenda na hiyo kadi popote uone kama utapewa hata kiberiti.

Na mambo haya hayakuanzia Kenya. Kule Uingereza kuanzia mwaka wa 1958 kulikuwa na stampu zilizoitwa Green Shield. Ulizipata ukinunua vitu dukani au petroli, unazibandika kwenye kitabu, kikijaa unabadilisha na zawadi. Lakini mwaka wa 1977 maduka ya Tesco yaliachana na hizo stampu, yakapunguza bei badala yake, na wateja wakafurika. Hata Mzungu wa London akiulizwa achague kati ya stampu na senti zake, alichagua senti.

Je, ina maana kadi zote tuzitupe? La hasha! Kama bei ni sawa kila mahali, na kituo kiko njiani mwako, na wewe hujaza tangi, chukua kadi bila haya. Hiyo ni zawadi ya kweli. Kabla ya kuifuata kadi, jiulize maswali matatu tu. Kwanza, pointi ya lita moja ina thamani ya shilingi ngapi? Kwa mjomba ilikuwa Sh4,500 kugawanya kwa 2,000, yaani Sh2.25. Pili, ninalipa shilingi ngapi zaidi kwa lita? Yeye alilipa Sh3. Tatu, ninazunguka umbali gani kuifikia? Jibu la kwanza likiwa dogo kuliko la pili, usipoteze hata muda wa kujibu la tatu.

Na dereva wa gari la kampuni? Huyo ni hadithi nyingine. Petroli inalipwa na mwajiri, pointi zinaingia kwenye kadi yake mwenyewe. Kwake kituo cha bei ya juu hakina ubaya wowote! Wenye magari wajichunge.

Nilipomaliza, mjomba alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema neno ambalo sikuwa nimelifikiria. "Hesabu yako ni sawa, mpwa wangu. Lakini Sh28 ikibaki mfukoni mwangu italiwa. Pointi haziliki." Ndugu msomaji, hapo nilikosa jibu. Niliona kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa anatafuta mahali pa kuficha pesa asizifikie yeye mwenyewe, na kadi ndiyo aliyoiona.

Kwa hivyo tulikubaliana. Nilitafuta mkebe wa maziwa ya unga, nikatoboa tundu juu (juu, si chini!), na mama akauficha mahali ambapo mjomba hapajui. Kila jioni anapita kwetu na kutoa Sh30, kwa sababu anasema kutafuta chenji ya mbili ni taabu. Mimi ndiye mwekahazina. Ninaandika tarehe kwenye daftari na yeye anatia sahihi. Siku ya mvua kubwa alipopata mteja mmoja tu, alitoa Sh10 akasema deni liandikwe, nami nikaliandika.

Hadi ninapokabidhi makala haya kwa mhariri tumefikisha siku 47. Mtungi bado, lakini safari hii kibaba nimekikagua mwenyewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu