Alikataa kuuza mechi, akaishia kuzomewa yeye

SHABIKI wa Arsenal aliyeanza kuitazama timu hiyo enzi za Thierry Henry na Patrick Vieira lazima anamjua Boro Primorac, hata kama jina halimjii haraka. Ni yule msaidizi aliyekaa jirani na Arsene Wenger kwenye benchi kwa miaka 20 na ushee, haongei sana, hatafuti kamera. Wapo waliodhani ni mshkaji tu wa kocha mkuu aliyebebwa.

Njia iliyomfikisha London ilianzia kwenye mji mdogo wa Valenciennes, kaskazini mwa Ufaransa, Mei 1993. Primorac alikuwa kocha wa timu ya mji huo. Beki wake mmoja alimfuata akamweleza jambo ambalo kocha yeyote asingependa kulisikia siku ya mechi: kuna wachezaji wa timu yetu wamepewa ofa ya kuachia mchezo.

Beki huyo ni Jacques Glassmann. Hakuwa staa, hakuwahi kuitwa timu ya taifa, na leo vijana wengi wanaoifahamu Ligi Kuu ya Ufaransa hawajawahi kulisikia jina lake. Lakini kwenye skendo kubwa kuliko zote za kupanga matokeo nchini humo, yeye ndiye aliyesema hapana. Na kwa muda mrefu ndiye aliyeonekana mkosaji.

SIMU YA HOTELINI

Marseille ya wakati ule ilikuwa moto wa kuotea mbali. Ilikuwa imebeba ubingwa wa Ufaransa mara nne mfululizo, ikausaka wa tano. Kikosini kulikuwa na Didier Deschamps, Marcel Desailly, Rudi Voller, Alen Boksic, Basile Boli na Mghana Abedi Pele. Rais wa klabu alikuwa Bernard Tapie, tajiri mwenye mdomo, aliyewahi kuinunua Adidas na ambaye miezi michache tu nyuma alikuwa waziri katika serikali ya Ufaransa. Kwa kifupi, mtu ambaye ukimgusa unajiuliza mara mbili.

Kilichokosekana kabatini ni Kombe la Ulaya. Mwaka 1991 walifika fainali wakatolewa kwa penalti na Red Star Belgrade mjini Bari. Mei 26, 1993 walikuwa na nafasi nyingine, mjini Munich, dhidi ya AC Milan ya Paolo Maldini, Franco Baresi na Marco van Basten. Sasa tatizo ni kwamba siku sita kabla, Mei 20, walitakiwa kwenda kucheza ligi na Valenciennes, timu iliyokuwa inapigania kutoshuka daraja. Timu ya aina hiyo inacheza kwa kukamia, na kukamia kunavunja miguu ya watu.

Usiku wa kuamkia mechi, kiungo wa Marseille, Jean-Jacques Eydelie, alipiga simu kwenye hoteli waliyofikia Valenciennes. Aliwatafuta watu watatu aliowahi kucheza nao huko nyuma: Glassmann, mshambuliaji Christophe Robert na Jorge Burruchaga. Huyu wa mwisho si jina dogo. Ni Muargentina aliyefunga bao la ushindi kwenye fainali ya Kombe la Dunia 1986, Argentina ilipoifunga Ujerumani Magharibi 3-2. Ujumbe ulikuwa mwepesi: kesho msikaze, msiumize mtu, na mzigo wenu upo. Meneja mkuu wa Marseille, Jean-Pierre Bernes, naye aliingia kwenye mazungumzo hayo.

Robert alikubali. Burruchaga alikubali, kisha akasema alighairi. Glassmann alikataa. Mke wa Robert alikwenda usiku ule ule kwenye hoteli ya Marseille kuchukua bahasha yenye faranga 250,000.

Mechi ikapigwa, Boksic akafunga, ikaisha 1-0 kwa Marseille. Robert alitoka mapema akisema ameumia. Wakati wa mapumziko suala lilikuwa tayari limefikishwa kwa mwamuzi. Fikiria hali ya Glassmann pale vyumbani: anavaa viatu vyake kwa ajili ya kipindi cha pili, pembeni yake wamekaa watu ambao amekwisha wataja.

KOMBE LIKAENDA MARSEILLE

Siku sita baadaye, Abedi Pele alipiga kona, Boli akaruka juu ya kila mtu, Milan wakalala 1-0. Eydelie alianza kwenye kikosi cha kwanza usiku ule. Marseille ikawa klabu ya kwanza ya Ufaransa kubeba Ligi ya Mabingwa, mji haukulala. Wikiendi hiyo hiyo wakaifunga Paris Saint-Germain 3-1 na kusherehekea ubingwa wa tano.

Nani angetaka kusikia habari za beki wa Valenciennes katikati ya shangwe ile? Kwa watu wengi wa Ufaransa, si wa Marseille tu, Glassmann alikuwa anaharibu sherehe ya taifa.

Mwendesha mashtaka wa Valenciennes, Eric de Montgolfier, hakuwa na sherehe ya kuharibiwa. Uchunguzi ulianza, na kabla Juni haijaisha Robert akakiri. Polisi walikwenda nyumbani kwa jamaa zake wa karibu, wakachimba bustani, wakaikuta bahasha na noti zake. Hapo ndipo mjadala wa “ni uongo” ulipokufa, ukazaliwa mwingine mgumu zaidi: nani alimtuma nani?

Eydelie aliwekwa rumande, akafunguka na kumtaja Bernes. Bernes alikana kwa muda mrefu, akimkinga bosi wake, kisha kwenye kesi naye akafunguka na kunyoosha kidole juu. Tapie alisema hahusiki. Kila mmoja alikuwa anatafuta mwenzake wa kumuangushia jumba bovu.

Hapa ndipo Primorac anaporudi kwenye hadithi. Kocha huyo aliueleza upande wa mashtaka kwamba Juni 17 aliitwa ofisini kwa Tapie jijini Paris, na huko akashawishiwa akubali kuwa yeye ndiye aliyeichezea mechi ile. Yaani abebe zigo lote, wakubwa watoke salama. Primorac aligoma. Tapie akasema kikao hicho hakikuwepo kabisa, na akapata shahidi mzito: Jacques Mellick, aliyekuwa meya wa Bethune na waziri wa zamani, aliyedai kuwa saa hizo yeye ndiye aliyekuwa na Tapie. Ushahidi ukaonyesha Mellick alikuwa kwenye mji wake, kilomita nyingi kutoka Paris. Shahidi mzito akageuka mshtakiwa, na baadaye akatiwa hatiani.

Ukiitazama kwa jicho la mpira, hapo ndipo kwenye uozo zaidi kuliko hata ile bahasha. Bahasha ilitolewa na watu waliokuwa na hofu ya fainali. Kumtafuta kocha wa timu iliyofungwa aje kusema ni mimi, hilo lilifanywa kwa utulivu, ofisini, watu wamevaa suti.

ADHABU ILIVYOGAWANYWA

Septemba 1993, UEFA iliiondoa Marseille kwenye Ligi ya Mabingwa ya msimu mpya, nafasi yao ikachukuliwa na Monaco ya Wenger. Shirikisho la soka la Ufaransa likawavua ubingwa wa 1992/93. PSG walioshika nafasi ya pili hawakuutaka, kwa hiyo hadi leo ukiangalia orodha ya mabingwa wa Ufaransa, msimu ule hauna mwenyewe. Mwaka 1994 Marseille ikashushwa daraja la pili. Msimu uliofuata ilimaliza kinara wa daraja hilo lakini haikupandishwa kwa sababu ya hali mbaya ya fedha, ikasubiri hadi 1996.

Kombe la Ulaya halikuguswa, kwa kuwa mechi iliyonunuliwa ilikuwa ya ligi ya nyumbani. Kisheria hilo linaeleweka. Kimpira, shabiki wa Milan ana haki ya kuuliza miguu iliyokuwa imepumzishwa kwa faranga 250,000 iliichezea timu gani Munich.

Mahakamani, Eydelie, Robert na Burruchaga walipata vifungo vya nje. Bernes alipewa miaka miwili ya nje. Tapie alihukumiwa mwaka 1995, na baada ya rufaa ikabaki miaka miwili ambayo miezi minane kati yake alitakiwa kuitumikia ndani. Februari 1997 aliingia gerezani. Kwa hilo, Wafaransa wanastahili pongezi. Kwenye skendo nyingi za namna hii wanaonaswa ni dagaa, papa wanatoboa nyavu. Safari hii papa alivuliwa.

Lakini angalia upande wa pili. Valenciennes, timu iliyotoa taarifa, ilishuka daraja msimu ule ule na miaka michache baadaye ikafilisika. Mashabiki wake, ambao hawakupokea hata senti, walibaki bila timu ya maana. Glassmann alikuwa anazomewa kwenye viwanja vya Ufaransa kila akigusa mpira. Si Robert aliyefukia hela, ni Glassmann. Aliitwa msaliti, mchomaji. Ofa za kucheza juu zikakata, akamalizia soka lake kwenye kisiwa cha Reunion, huku huku Bahari ya Hindi, mbali kabisa na kelele. Mwaka 1995 FIFA ilimpa tuzo yake ya uungwana michezoni. Tuzo nzuri, ila haikumpa klabu.

Primorac naye alikuwa anahitaji kazi. Wenger, ambaye Monaco yake ilimaliza ya pili nyuma ya Marseille mwaka 1991 na 1992, na ambaye uchungu wake juu ya miaka ile haujawahi kufichika, alimchukua wakaenda wote Japan kwenye klabu ya Nagoya Grampus Eight. Kutoka huko, London. Wale waliodhani alibebwa sasa wanajua alichokuwa amekibeba yeye.

Mambo haya si ya Ulaya peke yake. Mashabiki wa Bongo hawajasahau Februari 2016, raundi ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold na Polisi Tabora zilipokuwa zikifukuzana kwa tofauti ya mabao kutafuta nafasi ya kupanda Ligi Kuu. Geita ikaichapa JKT Kanembwa 8-0, Polisi Tabora ikaichapa JKT Oljoro 7-0. TFF ikazishusha zote nne na kuwafungia baadhi ya viongozi na waamuzi, Mbao FC ya Mwanza ikapanda. Mbao haikuiacha nafasi ile ichezewe, mwaka uliofuata ilifika fainali ya Kombe la FA na kuisumbua Simba hadi ikafungwa 2-1.

Timu nne zilishuka, lakini timu ni jezi tu. Haipigi simu, haibebi bahasha. Ndani ya jezi hizo walikuwepo vijana waliokuwa wanasubiri Ligi Kuu ili angalau mshahara uwe wa uhakika, na kama kati yao yupo aliyekataa, alishuka pamoja na waliokubali. Huo ndio ugumu wa adhabu ya klabu: ni nyepesi kuitoa, lakini haichagui. Kuwapata watu wenyewe kunahitaji Glassmann mmoja ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, na mtu wa nje aliye tayari kumsikiliza. Valenciennes walikuwepo wote wawili, kwa bahati.

Swali ni nini anachopata Glassmann wa kesho. Mchezaji wa daraja la chini anayedai mshahara wa miezi mitatu, akiambiwa usikaze leo utapata chako, halafu akumbuke yaliyompata aliyesema, hesabu yake inakuwaje? Wakubwa wa soka hupenda kusema wachezaji watoe taarifa. Ni mara chache unasikia wakisema aliyetoa taarifa atachezea wapi msimu ujao.

Bernes aliyefungiwa maisha alisamehewa baadaye, akarudi kwenye mpira kama wakala, na mmoja wa wateja wake ni Deschamps, nahodha wa usiku ule wa Munich ambaye alikuja kuipa Ufaransa Kombe la Dunia 2018 akiwa kocha. Burruchaga aliendelea na soka kwao, akawa kocha. Tapie alirudi Marseille mwaka 2001 kushika kazi ya masuala ya michezo kama vile hakuna kilichotokea. Alipofariki Oktoba 2021, jeneza lake lilipelekwa uwanja wa Velodrome, na maelfu ya mashabiki wakapanga foleni kumuaga bosi aliyewaletea Kombe la Ulaya.

Glassmann alikwisha stahafu zamani. Alipotoka Reunion alikwenda kufanya kazi kwenye chama cha wachezaji wa kulipwa Ufaransa.