Sikukuu ya Julai Juu ya Theluji

Tarehe 4 Julai ni sikukuu ya uhuru wa Marekani, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1776 walitangaza kwamba hawatawaliwi tena na Uingereza. Huko Julai ni wakati wa joto. Wengi hukaa na jamaa zao, huchoma nyama, na usiku hutazama fataki. Lakini wako wengine ambao, sikukuu ikiangukia karibu na Jumamosi, hupakia garini vitu vitatu visivyofanana hata kidogo: baisikeli, hema, na mbao mbili ndefu za kutelezea juu ya theluji, ziitwazo skii.

Theluji wakati wa joto? Sisi tusishangae, maana Kibo inayo, na ikweta iko jirani. Wala skii si ngeni kwetu kabisa: mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakatelemka kwa skii. Barafu waliyoikuta imepungua sana. Kufikia mwaka 2007 eneo lake lilikuwa limepotea kwa asilimia 85 hivi.

Basi tuwafuate hao wa Marekani mpaka Mlima Adams, katika jimbo la Washington. Ni mlima wa moto uliolala, wenye urefu wa mita 3,743. Wayakama, wenyeji wa nchi ile, huuita Pahto. Sehemu ya mashariki ya mlima walirudishiwa mwaka 1972, baada ya kuwatoka mikononi miaka mingi kwa kosa la mpaka.

Siku ya kwanza ni ya baisikeli, zenye magurudumu manene yenye meno, katika njia za msituni chini ya mlima. Huko juu haziruhusiwi, kwa kuwa tangu mwaka 1964 sheria imepatenga pawe pori lisilo na magurudumu. Jioni hulala hemani kati ya misonobari, na mbu ni wengi kama wa kwetu.

Siku ya pili ndiyo kazi. Gari huachwa Cold Springs, penye mita 1,700 hivi, na mtu hujitwika hema, jiko, chakula na skii. Hubeba pia mfuko wa kutilia kinyesi chake, akateremke nacho. Ndiyo amri ya mahali pale, na ni amri nzuri, kwa kuwa maji ya kunywa huko juu ni theluji iliyoyeyushwa.

Wakifika kwenye theluji hubandika chini ya skii kitambaa chenye manyoya yaliyolala kuelekea nyuma. Mpapase mbuzi kutoka kichwani kwenda mkiani, mkono unateleza. Urudishe kinyume, manyoya yanakataa. Ndivyo skii inavyokwenda mbele isirudi nyuma. Hema hupigwa penye mita 2,800 hivi, mahali paitwapo Lunch Counter, yaani meza ya chakula cha mchana, ingawa meza hakuna, ila mawe yaliyopangwa kuzuia upepo.

Siku ya tatu huamka usiku wa manane, nayo sababu ni jua. Usiku theluji huganda ikawa ngumu kama sakafu, nao hupanda kwa vyuma vya meno vilivyofungwa viatuni. Asubuhi jua likipanda, theluji ya juu hulegea ikawa punje punje. Wamarekani huiita theluji ya mahindi, na hakuna nzuri kuliko hiyo kwa kutelemka. Saa chache baadaye mahindi yamekuwa uji. Miguu huzama, na mawe yaliyoshikwa na barafu huachiliwa, yakaporomoka.

Hapo ndipo mlima huwapima watu. Baada ya saa nyingi za kupanda huona kilele, hushangilia, hufika, kumbe si chenyewe. Ni Pikers Peak, na kilele cha kweli kimebaki mbele, juu zaidi kwa karibu mita 190. Kama jua limekwisha kuwa kali au wingu linashuka, mwenye watoto nyumbani afanye nini? Wengi hugeuka. Wengine huendelea, na wakati wa kurudi wingu huwafunika, huteremkia upande usiofaa, mpaka kwenye mianya ya barafu, na vikosi vya uokoaji hutoka kuwatafuta.

Wanaoshika saa hutelemka zaidi ya mita 1,000 kwa muda mfupi, safari iliyowachukua saa nyingi kuipanda. Garini huwezi kumtambua aliyefika kileleni na aliyegeuka. Wote wamebabuka chini ya kidevu na ndani ya pua, kwa sababu theluji hulirudisha jua kutoka chini, na wote wananuka soksi.