Kuishi na Pumu katika Milima ya Ludewa

Leo twataka kunena habari za ugonjwa wa pumu. Hatutanena habari za dawa tu, bali hasa habari za akili ya mgonjwa, jinsi apangavyo mambo yake kabla ugonjwa haujamshika. Maana watu wawili waweza kuwa na pumu iliyo sawa na dawa zilizo sawa, lakini mmoja akalima shamba lake mwaka mzima na mwenziwe akashinda kitandani.

Ndani ya kifua mna mirija ya pumzi, iliyogawanyika mfano wa matawi ya mti. Kwa mwenye pumu mirija hii ina uvimbe, hata siku ajionapo mzima. Ikiguswa na kitu kiichokozacho, misuli yake hukaza, ute huzidi, na njia huwa nyembamba. Ndipo kifua hulia kama filimbi, na mtu huona taabu hasa katika kutoa pumzi. Ugonjwa huu hauambukizi. Dawa haziuondoi kabisa, lakini huutawala.

Vitu vya kuichokoza mirija havikosekani Ludewa. Upande wa juu, kama vile Mlangali na Lugarawa, baridi ya Juni na Julai ni kali. Milango hufungwa na kuni huwashwa ndani. Kisha huja vumbi la kupukuchua mahindi, na mafua yapitayo nyumba kwa nyumba. Hewa ya Lupingu na Manda, kando ya Ziwa Nyasa, ni ya joto, walakini moshi wa jikoni uko huko pia.

Basi watu hufanyaje? Wengine huficha. Mwanafunzi huacha dawa nyumbani asichekwe na wenziwe, naye hukimbia mchakamchaka mpaka aanguke. Wengine hukata tamaa na kusema ndivyo walivyoumbwa. Na wengine huogopa kila kitu. Hofu nayo huharakisha pumzi, na taabu huongezeka. Njia hizi tatu zaonekana mbalimbali, lakini katika zote hapana anayeuliza: Ni kitu gani kilichoniletea haya jana usiku?

Tumtwae mama mmoja wa Mlangali, ambaye ni wa mfano tu. Usiku fulani hubanwa na kifua, usiku mwingine hulala salama. Kwanza alidhani ni maharage, akayaacha majuma mawili, asione tofauti. Kisha akachukua daftari la mwanawe, akaandika kila jioni kazi aliyoifanya na mahali alipopikia. Baada ya mwezi aliona kwamba siku za kupukuchua ndizo zilizotangulia usiku mbaya, na zaidi alipopikia ndani. Hakuacha kulima mahindi, maana watoto wangekula nini? Alipatana na shemeji yake: yeye apalilie shamba la shemeji, naye shemeji ampukuchulie mahindi yake. Jiko akalihamishia kibandani nje, akatumia kuni kavu. Daftari hilo, kwa maoni yetu, lilimfaa kuliko mashauri mengi ya majirani.

Hata hivyo dawa haziachwi. Zipo za namna mbili, na kuzichanganya ni hatari. Salbutamoli hulegeza misuli kwa dakika chache, lakini haitibu uvimbe. Beklometasoni hupunguza uvimbe polepole. Hiyo huvutwa kila siku kama tabibu alivyoagiza, hata mtu akiwa mzima. Anayetegemea salbutamoli peke yake, akiihitaji mara kwa mara, na arudi kwa tabibu, maana pumu yake haijatawaliwa. Wako wasemao kwamba inhela ni ya mtu anayekaribia kufa. Sivyo; dawa ya kuvuta hufika kifuani penyewe, hivyo kiasi kidogo chatosha.

Wengi huivuta vibaya, dawa ikaishia kooni. Tabibu wa Cape Town, Heather Zar, pamoja na wenziwe, walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa tupu ya plastiki ya nusu lita yaweza kusaidia watoto sawa na chombo cha dukani. Chupa huoshwa na kukaushwa. Kitako chake hutobolewa kwa waya wa moto tundu la kuenea mdomo wa inhela, pasipo mwanya, na mgonjwa huvuta kwa shingo ya chupa. Kikombe cha polistireni hakikufaa hivyo.

Jambo la mwisho ni safari ya usiku. Wakati wa masika barabara za milimani huteleza, nao si wakati wa kuanza kutafuta mwenye pikipiki. Mapatano yafanywe mapema, na nyumba yote ijue dalili: mgonjwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo yageuka rangi, au salbutamoli haimpi nafuu. Hapo asingoje alfajiri, wala asilazwe chali. Na aketi wima, avute mpulizo mmoja mmoja huku akipelekwa Lugarawa au Hospitali ya Wilaya, na anayemsindikiza ahesabu mipulizo, maana jambo hilo tabibu atataka kulijua.