Kurekodi sauti ya kompyuta: tutunze ipi, tutume ipi?

Siku hizi semina, mihadhara na hata mafungo hufanyika kwa njia ya intaneti. Anayefuatilia kwenye kompyuta hutamani kumrekodia mwenzake aliyekosa. Wengi huweka simu karibu na spika. Matokeo yake feni, jogoo na milango husikika kuliko msemaji. Ipo njia bora zaidi: kuinasa sauti ndani ya kompyuta yenyewe, kabla haijatoka nje.

Kwanza tuombe ruhusa ya msemaji. Kisha tufungue Audacity, programu inayopatikana bure. Kwenye Windows, katika mipangilio ya sauti ya programu hiyo, tuchague WASAPI, halafu kwenye kifaa cha kurekodia tuchague spika zilizoandikwa “loopback”. Kwenye Linux tutafute chanzo kilichoandikwa “monitor”. Tuzime milio ya ujumbe, maana nayo itaingia. Turekodi dakika moja ya majaribio na kuisikiliza kabla ya kuanza.

Baada ya kurekodi, swali ni aina ya faili. WAV hutunza sauti yote. Kwa ubora wa CD, dakika moja ya stereo huchukua takriban megabaiti 10, hivyo mhadhara wa dakika 30 unafika 300. FLAC hulibana faili hilo, mara nyingi hadi karibu nusu, bila kupoteza chochote. MP3 hubana zaidi, kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Kwa mtu mmoja anayezungumza, MP3 ya mono yenye kilobiti 64 kwa sekunde inatosha, na mhadhara uleule unakuwa megabaiti 14 hivi. Kwaya inahitaji zaidi: stereo ya kilobiti 192.

Tofauti hiyo si ndogo. Muumini wa kigangoni anayenunua bando la siku hatapakua megabaiti 300. Megabaiti 14 atazipakua, na atawarushia wenzake wa jumuiya.

Lakini kilichotupwa na MP3 hakirudi. Kuigeuza kuwa WAV ni kuongeza ukubwa tu, na kila tunapoihariri na kuihifadhi upya kama MP3, ubora hupungua tena. Kwa hiyo tutunze FLAC, tutume MP3. Nakala ya FLAC ikae kwenye diski mbili zilizo mahali tofauti, kwa sababu sauti ya mwalimu mzee tunayemsikia leo haitaweza kurekodiwa upya atakapokuwa ameondoka.

Tusitume faili la kazi la Audacity, lenye mwisho wa aup3. Simu ya mpokeaji haitalifungua. Na kila faili tulipe jina lenye tarehe, mada na msemaji, ili atakayelikuta baada ya miaka 20 ajue anamsikiliza nani.