Vibuyu Vitatu Mezani, Plateau

Sisi watu wa mwambao tunayajua maziwa ya mtindi. Lakini maziwa wanayojivunia ndugu zetu Wakalenjin ni namna nyingine kabisa. Huitwa mursik. Rangi yake ni ya kijivu, ndani yake mna chembe za makaa, na asiyeyazoea hudhani amepewa dawa.

Nilipata kuyaonja Plateau, mji mdogo nje ya Eldoret, kwenye njia ya reli iliyofika Eldoret mwaka 1924. Huko ni nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya jioni si ya kanzu nyepesi. Tulikuwa marafiki wanne mezani: Wanandi wawili, Mkeiyo mmoja na mimi. Mwenyeji alinikabidhi kuku na kisu nichinje mwenyewe, wala sikuwa nimesema neno. Huo ndio uungwana.

Chakula kilikuwa sima, kuku na mnavu. Kisha vikaja vibuyu vitatu, kila rafiki na kibuyu cha kwao. Cha kwanza kilikuwa cha siku nne: uchachu mdogo, harufu ya moshi. Cha pili cha wiki mbili, kizito, kikishuka kooni polepole. Cha tatu kilikuwa kimepita mwezi, na kilipofunguliwa harufu yake ilipanda puani.

Kazi ya mursik huanzia kwenye kibuyu chenyewe, ambacho Wakalenjin hukiita sotet. Huoshwa, hukaushwa, kisha kijinga cha moto cha mti wa senetwet husuguliwa ndani mpaka makaa yashike ukutani. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, kibuyu kikafunikwa na kuwekwa. Hii ni kazi ya akina mama, na kila mmoja ana mkono wake. Rafiki yangu mmoja aliapa kwamba hata akifungwa macho atakijua kibuyu cha mama yake.

Ndiyo sababu mursik si kinywaji tu. Mwanariadha akirudi na ushindi hupokewa kwa kibuyu. Kaptagat, jirani ya Plateau, ndiko Eliud Kipchoge alikofanyia mazoezi miaka mingi, na heshima hiyo ameipata mara nyingi.

Basi Mwislamu afanyeje akinyoshewa kibuyu? Niliuliza maswali mawili. La kwanza, je, mna damu? Kwa maana zamani wako waliochanganya maziwa na damu ya ng'ombe, na damu kwetu ni haramu. Wote watatu wakajibu hamna. La pili, yamekaa muda gani? Swali hili lina uzito. Mwaka 1013 au leo, maziwa yaliyochacha ni yale yale, lakini sasa tuna vipimo: watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2013 walikuta pombe katika baadhi ya sampuli za mursik, pamoja na kemikali iitwayo asetaldehidi. Wakasema huenda hiyo ni moja ya sababu za saratani ya umio kuwa nyingi magharibi ya Kenya. Walisema huenda, hawakukata shauri.

Nikanywa cha kwanza, nikaonja cha pili, na cha tatu nikakiacha. Nilimweleza mwenyeji kwamba kwetu kinacholevya kikiwa kingi, hata kichache chake hatukigusi, nami nina shaka na kile. Hakukasirika. Alikifunika, akanijazia tena kile cha siku nne.

Hukumu ya kila kibuyu nawaachia wanazuoni. Ninalolijua ni kwamba usiku wa Miraji Mtume (s.a.w.) aliletewa maziwa na mvinyo, naye akachagua maziwa. Mwislamu basi hana haja ya kuyaogopa maziwa ya jirani, wala hana haja ya kuona haya kuuliza. Anayekataa kila kitu humvunja moyo mwenyeji wake, na anayepokea kila kitu hujivunjia dini yake. Baina ya wawili hao pana swali la adabu, linaloulizwa mapema, kabla kibuyu hakijafunguliwa.