Watoto Kukimbia Chuo: Lawama Ni ya Nani?

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linalotuhuzunisha sisi walimu wa vyuo vya Kurani katika nchi hii ya dhahabu, tangu Kahama mpaka Geita. Jambo lenyewe ni watoto kukimbia chuo.

Mazoea yetu yalikuwa kuyalaumu machimbo. Tukiuona mkeka hauna watu, twasema: wamekwenda kwenye maduara, wamekwenda mwaloni kuosha mchanga. Na lawama hiyo si ya bure. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini. Hata hivyo wapo watoto wabebao mawe, na wachanganyao zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki ile ikichomwa ili dhahabu ibaki, mvuke wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto ndiye adhurikaye zaidi.

Lakini siku moja tulimkuta mwaloni mwanafunzi wetu mmoja, umri wake miaka 13, ambaye hakuonekana chuoni mwezi mzima. Alituamkia kwa adabu. Tukamwuliza, "Mwanangu, umepata nini huku hata ukaacha Kurani?" Akainama, akasema, "Ustadhi, huku nikikosea naonyeshwa. Kule nikikosea napigwa, na sijui nimekosea nini."

Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani tukajihesabu nafsi zetu. Sisi tulisomeshwa kwa fimbo, tukadhani fimbo ndiyo iliyotuelimisha. Watoto hutoka shule wamechoka na wana njaa, nasi tuliwakalisha mpaka magharibi wakiimba sura moja kwa pamoja, bila ya kujua maana ya hata neno moja. Na kijana yule tulikuwa tukimpiga kwa herufi ya ra. Lugha ya mamaye, Kisukuma, haina sauti ile. Yeye husema la, wala hasikii tofauti. Tulimwadhibu kwa kosa ambalo hatujapata kumwonyesha.

Tulipovirejea vitabu vyetu aibu ilizidi. Katika Sahihi ya Bukhari, Ibn Masud (r.a.) asimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwachagulia siku za mawaidha, akichelea wasije wakachoka. Na katika Sahihi Muslim twasoma habari ya Muawiya bin Hakam, aliyesema maneno ndani ya sala kwa kutojua. Mtume hakumkaripia wala hakumpiga, bali alimfundisha. Na mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliandika kuwa ukali wa mwalimu humfunza mtoto uwongo na hila.

Basi tukabadili mwendo. Kwanza, tulipunguza muda wa kusoma, tukaweka mapumziko katikati. Pili, twamwonyesha mtoto mahali ulimi ugusapo kwa kila herufi, na maana pamoja nayo. Akisema kalb badala ya qalb, moyo umegeuka mbwa! Watoto hucheka, wala hawasahau. Tatu, Wasukuma wana desturi ya kushindana ngoma baada ya mavuno, Bagika kwa Bagalu. Dawa zao hatuzitaki, ila ushindani wao tumeupenda: tumegawa darasa pande mbili, upande mmoja husoma na wa pili husikiliza na kusahihisha. Nne, fimbo yetu sasa ni ya kuchorea herufi mchangani. Mtume mwenyewe alipata kuwachorea masahaba mistari kuwaeleza ajali ya mwanadamu na matumaini yake.

Kisha tulikwenda kwa mama wa kijana yule, naye ni mjane, tukamwomba radhi mwanawe mbele yake. Kijana alirudi. Ra yake sasa husikika, naye huwafunza wadogo. Lakini huja siku tatu tu kwa juma. Siku nyingine bado yuko mwaloni, kwani nyumbani kuna vinywa vya kulishwa.

Hapo, ndugu zetu, mwalimu pekee hawezi. Mwenye dhahabu iliyofika mithqali 20, yaani kadiri ya gramu 85, ikapitiwa na mwaka, yampasa kutoa fungu moja katika 40. Je, miongoni mwetu tulionufaika na ardhi hii, ni wangapi wameitoa? Na maskini wa karibu ni nani kuliko mjane huyu, jirani wa msikiti wetu?

Sisi walimu tumekwisha kukiri kosa letu. Zamu ni yenu, wazee wenzetu.

Wabillahi tawfiq.